Mulango wa Frigo

Mujukuu wangu Zaituni,

Salamu yangu ikukute muzima. Huku Kamenge tuko, Alhamdulillahi. Dada yako amezaa mutoto mwanaume, mi goti tu ndiyo inanisumbua.

Umeniuliza kwa nini marehemu mama yako hakumaliza ule utafiti wake, maana we unataka kuuendelesha. Mi nilisoma miaka miwili tu, lakini Bujumbura nzima hakukuwa fundi wa frigo, hizi kabati za baridi, kama mi.

Wakati wa vita umeme ulikatika kwenye laboratwari yao, pale walipopimia damu. Mama yako akaniletea vichupa vya damu ya watoto wagonjwa. Alitafuta kwa nini dawa ya malaria haiwaponyi tena. Nikavitia mu frigo yangu ya mafuta ya taa.

"Baba, nakimbiza mutoto ng'ambo, Uvira," akasema. "Usifungue mulango hata kidogo, baridi isitoke."

Huyo mutoto ni we.

Jirani akanicheka: "Fundi, hiyo ni kabati tu." Nikafungua. "Gusa, muzee. Iko baridi ao apana?" Kesho yake akaleta wenzake. Basi kila siku nilifungua, nikijisifu.

Mama yako aliporudi, damu yote ilikuwa imeharibika. Alishika kichupa kimoja, akakirudisha mu frigo. Kisha akasema, "Baba, frigo yako ni nzuri," akafunga mulango polepole. Hakuniuliza kitu mpaka Mungu alipomuchukua.

Watu wote nimewaambia vita ndiyo iliharibu kazi yake. We peke yako nakuambia: ni mukono wangu.

Babu yako, fundi.