Nani Humngoja Mfagiaji

Jumapili, Juni inaishia. Asubuhi kulikuwa na kibaridi cha kipupwe, kile cha kukufanya ujivutie shuka huku unajua kabisa simu imeshaita. Sasa ni jioni, Ima amenilalia kifuani na naandika kwa kidole gumba kimoja. Herufi zikipishana mnisamehe.

Mapaja yanawaka moto. Lakini moto wa leo si ule wa wiki zilizopita, na nimekaa hapa kwenye kochi najaribu kuelewa tofauti ni nini.

Kwa aliyeingia humu leo kwa mara ya kwanza: nakaa Sofu, Kibaha, nina watoto wawili, kazi yangu ni ya ofisini, na napenda baiskeli kuliko inavyofaa kwa mama mwenye mtoto anayenyonya. Tuko kundi la watu wa huku huku, walimu, nesi mmoja, watu wa halmashauri, wafanyabiashara. Masika yakiisha na barabara zikikauka, tunafungua msimu. Mwaka jana sikuendesha kabisa. Kwanza nilikuwa na mimba ya Ima, halafu nikawa na Ima mwenyewe. Mwezi uliopita ndiyo nikarudi.

Kurudi! Jamani.

Siku ya kwanza tulikwenda Mlandizi na kurudi, njia isiyo na mlima wa maana, ambayo zamani nilikuwa naiendesha huku napiga soga. Nilifika nyumbani nikajilaza kwenye sakafu ya barazani na helmeti yangu kichwani. Baba Ima akatoka na ndoo, akaniruka kama gunia la mkaa, akaenda zake bombani.

Kinachonishangaza ni jinsi nguvu zinavyorudi. Nilidhani zitakuja pole pole, kidogo leo, kidogo kesho. Wapi! Zinakuja vipande vipande, tena bila mpangilio. Wiki moja pumzi ipo, miguu haipo. Wiki inayofuata miguu imekuja, mgongo umegoma. Halafu dakika za mwanzo daima ndizo mbaya kuliko zote, hata kama njia inateremka. Nguvu hizi zilikuwa wapi muda wote ule? Zilikaa kwenye nyama, kwenye mapafu, au kichwani? Nilimuuliza nesi wetu, akasema mwili una kumbukumbu, basi, akaendelea kunywa maji. Mimi jibu hilo halijanitosha.

Sasa, kundi letu lina utaratibu wake. Mbele anakaa kepteni, kijana anaitwa Frank. Nyuma kabisa anakaa mtu tunayemwita mfagiaji. Kazi ya mfagiaji ni kuhakikisha hakuna anayeachwa njiani. Ukichoka, anakwenda mwendo wako. Ukipata pancha, anasimama na wewe mpaka tairi lijae. Na kwa sababu yeye ndiye wa mwisho, akitokea tu tunajua watu wametimia. Hatuhesabu vichwa. Hatujawahi kuhesabu.

Mfagiaji wetu nitamwita Mzee Salehe. Ni dereva mstaafu wa serikali, anakaa Pangani, hii Pangani ya kwetu Kibaha, si ile ya Tanga. Mtu wa utani mwingi, na sharubu zake anazipaka piko kila Ijumaa na ole wako useme umeona mvi.

Tangu nimerudi, Mzee Salehe alikuwa wangu mimi. Wenzetu wakishapotea mbele, tunabaki wawili. Na alikuwa na tabia moja ambayo niliipenda sana. Kila tukikaribia kilima, au pumzi yangu ikianza kupiga filimbi, utamsikia: "Mama Ima, hebu simama uone." Tunasimama. Ananionyesha shamba la mihogo lililoshika vizuri. Ananionyesha ng'ombe wa Magindu wamejazwa kwenye lori, mmoja ametoa kichwa anaangalia watu. Siku moja alinionyesha nyumba ya ghorofa ambayo mwenyewe amejenga mpaka juu bila kuacha nafasi ya ngazi, na akanipa historia nzima, fundi alikuwa nani na mwenye nyumba na fundi waligombana wapi. Mimi kwa kupenda kujua mambo, nilikuwa nasikiliza mpaka nasahau kwamba nilikuwa nakufa.

Nilidhani ananionea huruma. Nilikuwa naona aibu, kusema kweli. Mtu mzima mzima, Jumapili yake yote anaimalizia kumsubiri mama anayehema. Nikawa najiambia, Mama Ima, pona haraka, umwachie mzee wa watu nafasi naye aendeshe.

Leo ilikuwa siku ya Kisarawe.

Kila mwaka ni hivyo hivyo. Baada ya mlima wa Kisarawe kundi linagawanyika, kundi la mbele na kundi la nyuma, na mtakaa hivyo mpaka mvua za vuli. Ukipanda ule mlima ukiwa umeshikana na wa mbele, basi wewe ni wa mbele. Na mimi nilitaka mbele. Nisijifanye. Nilitaka mpaka nikaota ndotoni napanda mlima na Ima yuko mgongoni kwenye kanga.

Tuliondoka kabla jua halijachomoza. Mbezi, Malamba Mawili, Kinyerezi, mpaka Pugu. Nilikaa katikati ya wenzangu, nimejificha upepo, sisemi na mtu. Nilikuwa najisikiliza mwili kama fundi anavyosikiliza injini. Pumzi ipo. Mgongo upo. Miguu je? Miguu ikanyamaza, na nimeshajifunza kwamba miguu ikinyamaza ni dalili nzuri.

Chini ya mlima, pale miti ya msitu inapoanza kufunika barabara, nikasikia nyuma yangu: "Mama Ima, hebu simama uone. Kima hao, wana watoto!"

Sikusimama.

Nikapaza sauti bila kugeuka, "Nitawaona tukirudi, Mzee!" Nikabadili gia, nikakanyaga.

Sijui nielezeeje. Mlima ulikuwa ule ule, unanibana, jasho linaingia machoni, kifua kimejaa maziwa mpaka kinauma. Lakini kila nilipoomba nguvu, zilikuwepo. Nikampita mwalimu mmoja. Nikampita nesi, akasema "Hee! Huyu vipi?" Kwenye kona ya mwisho nikaona tairi la nyuma la Frank, nikaling'ang'ania, na tukaingia Kisarawe pamoja. Nilipiga kelele katikati ya barabara. Mama mmoja muuza maandazi akanipigia makofi bila kujua sababu.

Tukaketi kwa mama anayetuuzia supu, na wengine wakafika mmoja mmoja. Chapati zikaja. Nilikuwa nasimulia mlima huku natafuna, watu wanacheka, na Frank ananiambia mbele yako hiyo, hongera. Mtu akauliza mbona Mzee anachelewa leo. Mwalimu akajibu, "Si yuko na Mama Ima?"

Kisha akanitazama. Wote wakanitazama.

"Mama Ima, wewe uko hapa. Sasa Mzee yuko na nani?"

Kwa mara ya kwanza tukahesabu vichwa. Tulikuwepo wote. Mzee Salehe hakuwa na mtu. Nikampigia simu, inaita tu. Nikaacha chapati yangu kwenye sahani, nikachukua baiskeli nikateremka, na huko nyuma Frank anasema ngoja nije na wewe, sikumngoja.

Nilimkuta msituni, hajafika hata nusu ya mlima. Alikuwa anatembea. Anaisukuma baiskeli, helmeti ameitundika kwenye usukani. Aliposikia breki zangu, akainama haraka haraka akaishika baiskeli kama anatengeneza kitu.

"Cheni hii," akasema bila kuniangalia. "Cheni hii leo imenitesa, Mama Ima."

Nikaangalia cheni. Iko mahali pake. Nikaangalia mikono yake. Safi, kama anataka kula.

Mimi huwa siwezi kukaa na swali. "Mzee," nikasema, "cheni haina kitu."

Lori la mchanga likapita, likatujaza vumbi. Nikamuuliza kama kifua kinauma, akatikisa kichwa, akasema nesi humpima presha kila mwezi na iko sawa. Ni miguu tu, na umri. Akaketi ukingoni mwa barabara.

"Mlima huu unanishinda tangu mwaka juzi," akasema. "Watu wakichoka nasimama nao, wanasema Mzee anafagia. Mwaka jana nilikuwa na yule kijana mnene wa Maili Moja. Akapungua, akaenda mbele. Basi wewe uliporudi, ile siku ya Mlandizi, unahema kama mbuzi aliyekimbizwa... Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema alhamdulillahi, msimu huu ninaye mtu."

Nilicheka. Sikukusudia, lakini nilicheka kwa sauti, naye akacheka, halafu ghafla nikakumbuka.

Mihogo. Ng'ombe wa Magindu. Ile nyumba isiyo na ngazi. Kumbe muda wote alikuwa anatafuta pumzi, na mimi niko hapo pembeni yake najiona mzigo.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nikisema nitakuwa nani pale? Nikiwa nyuma nafagia, nina kazi."

Badala ya kumjibu nikachuchumaa, nikaishika cheni yake kwa vidole vyote, nikaisugua mpaka mkono ukawa mweusi tii. Halafu nikamshika mikono yake nikampaka oili, kushoto na kulia, mpaka kwenye kucha. Aliniangalia kama nimerukwa na akili.

"Haya, sasa cheni ilikutesa," nikamwambia. "Twende."

Tulitembea. Kwetu sisi kuupanda Kisarawe kwa miguu ni fedheha, watu wako tayari kutapika kuliko kushuka kwenye baiskeli. Viatu vyangu vya baiskeli vikawa vinagonga lami ko, ko, ko, na yeye alikuwa ananisimulia safari zake za zamani za kumpeleka bosi mikoani, na safari hii akichoka alikuwa anasema nimechoka. Tulisimama mara nyingi. Kima hatukuwaona tena. Kabla ya kona ya mwisho tukapanda baiskeli, tukaingia mjini tunakanyaga pedeli kama watu wazima wenye heshima zao. Mzee akainua mikono yake myeusi juu, akatangaza, "Cheni!" Wakampa pole zote, akaletewa supu ya moto.

Wakati wa kurudi nilikaa naye nyuma. Hakuna aliyeuliza.

Sasa jioni hii ndipo penye mtihani. Frank ameandika kwenye kundi letu la simu: kila mtu aweke jina lake, mbele au nyuma. Akaongeza kwamba Mama Ima hana haja ya kuuliza. Vidole gumba vikamiminika. Baba Ima akasoma begani kwangu akasema, "Si ndicho ulichokuwa unakililia?" Ndicho. Nikaandika *Mbele*. Sijui kwa nini sikutuma. Nikabaki naliangalia lile neno huku nambadilisha Ima upande wa kunyonya.

Nilikuwa najiuliza maswali ya kijinga. Nikienda mbele, Mzee atabaki na nani? Na nikienda nyuma kwa ajili yake, si ni kumdanganya tena, cheni nyingine tu? Na je, atafurahi, au ataona nimemdhalilisha? Na mimi, nitavumilia kuwaona wa mbele wakipotea, wakati sasa najua kabisa ningeweza kuwafikia?

Wakati bado nawaza, ujumbe ukaingia. Wa Mzee Salehe, kwenye kundi, mbele ya watu wote. Ndiyo maana naandika haya bila kuogopa, ameshasema mwenyewe:

"Naweka jina nyuma. Siyo kufagia. Mlima umenishinda na cheni ilikuwa nzima. Msimu huu mtanifagia ninyi."

Kimya. Watu wapo, naona kabisa wamesoma, hakuna anayeandika. Wale wote wenye maneno mengi kwenye supu, kimya. Nikajua kinachowakwamisha, maana ndicho kilichonikwamisha mimi pale ukingoni mwa barabara. Mtu anaona huruma, na huruma haina pa kuiweka bila kumuumiza mwenzako.

Machozi yalinitoka. Ima akanyoosha kidole akataka kuyashika.

Nikafuta *Mbele*. Nikaandika: "Ya Jumapili ijayo nafagia mimi. Baada ya hapo tupokezane, kila wiki mtu mmoja wa mbele arudi nyuma, na wewe Frank umo. Wiki zangu nyingine niko mbele, msinizoee." Nikatuma kabla sijajihurumia.

Frank akajibu sawa. Nesi akasema wiki ya pili ni yake. Mwalimu akaanza utani wake kuhusu cheni, na kundi likarudi kuwa kundi.

Bado sijui nimefanya kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Labda nimeweza kuacha ile nafasi kwa sababu leo nimeipata, na kama ningeshindwa mlima ningekuwa hapa naigombania. Sijui. Naendelea kujichunguza.

Mzee Salehe hakuandika kitu kwenye kundi. Ila sasa hivi, wakati namalizia hapa, amenitumia ujumbe pembeni, neno moja tu.

"Marahaba."

Na mimi sikuwa nimemwamkia.