Chaza wa Kule Kwenye Matete

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Na huyo wa tumboni, anacheza? Miguu imeacha kuvimba? Mimi mzima wa kutembea tu, chakula hakipiti. Kila nikipeleka tonge mdomoni kinyaa kinanishika, na mikono nimeisugua kwa limau hadi imechubuka.

Unaijua kazi ya kikundi chetu. Chaza tunawatia kwenye vikapu vya wavu, tunavining'iniza kwa kamba kwenye nguzo baharini, kila wiki tunavitikisa na kukwangua tope. Kuwalisha hatuwalishi. Chaza anakunywa maji kutwa, anayachuja, kilichomo kinabaki tumboni mwake. Wetu walikuwa wamekonda kama kucha. Ndipo mmoja wetu akaona wale wa kwenye mawe, kule kwenye matete, wamenona, akasema tuhamishie vikapu huko. Miezi miwili tu, wakajaa ganda! Tukambandika jina, Profesa.

Jumatatu maji yalikupwa sana. Kikapu kimoja kilikuwa kimekatika, nikakifuata hadi nyuma ya matete. Mwanangu, kuna bomba pale. Linatoka vyooni mwa ile nyumba ya wapangaji. Nilichokiona kikitoka sikiandiki, karatasi itanuka. Nilitapika hadi nyongo.

Nikamwambia mwenyekiti. Akacheka, akaniuliza shoga, umekuwa bibi harusi lini? Eti bahari ni kubwa, na kabla ya kuuza tutawaweka siku mbili kwenye tangi la maji safi. Nikamjibu tangi lile linatoa mchanga, halitoi mavi. Akasema nifunge domo, wanunuzi wanakuja Jumamosi.

Sasa nikwambie, maana roho inanisuta. Juzi nilipokupigia nikasema umwage ile chupa ya chaza wa siki kwa kuwa kifuniko ni kibovu, nilikudanganya. Kifuniko kilikuwa kizima. Na Profesa ni mimi. Niliona haya ujue mama yako ndiye aliyewapeleka chaza pale, kisha akakufungia na wewe chupa.

Leo asubuhi nimekata kamba zote za kule, nimewamwaga chaza mchangani na kuwakanyagakanyaga mbele ya wenzangu. Wamenitukana matusi ya nguoni. Acha watukane.

Ila ukimaliza kusoma nipigie upesi unijibu: kabla sijakupigia, ulikuwa umekula wangapi? Nenda zahanati hata kama huumwi, na usinifiche kama nilivyokuficha.

Msalimie mumeo, na ukae salama.

Ni mimi mama yako, nisiyepata usingizi kwa ajili yako.