Kidonge cha Kila Asubuhi

Shangazi mpenzi,

Natumaini wewe na mtoto mchanga hamjambo. Matokeo yangu ya mtihani bado hayajatoka.

Usishtuke, ila mwezi uliopita Bibi alianguka jikoni kwa presha. Tulikuficha kwa kuwa ulikuwa umejifungua juzi tu. Kliniki, muuguzi alimweleza dawa haraka haraka, naye akawa anaitikia tu, "Ndiyo, mwanangu." Unanijua, mbele ya watu ulimi wangu hufa ganzi. Lakini niliogopa kumpoteza, nikasema, "Dada, tafadhali, Bibi akueleze alivyoelewa."

"Nimeze kidonge kichwa kikiuma," Bibi akasema. "Vingine niweke akiba."

Muuguzi akavuta kiti, akaanza upya taratibu.

"Kila siku, hata nikiwa mzima? Hii dawa au chai?"

"Kila asubuhi, Bibi. Presha haipigi hodi."

Tulicheka mno! Jana tulirudi kupima, presha imeshuka vizuri. Bibi akawatangazia wagonjwa wote kwenye benchi: "Msiondoke hamjaelewa. Mwenye aibu, mjukuu wangu huyu atamuulizia."

Watu saba wakanigeukia. Shangazi, nilitamani ardhi inimeze, kisha nikauliza, "Nianze na nani?"

Mimi, binti wa kaka yako