Wifi Yangu Amegundua Ninamwachia Ashinde

Shangazi Khamisa, shikamoo. Naomba msaada wako maana nimefika mahali sijui nigeukie wapi. Mimi nimeolewa hapa Mbololo, na aliyenipokea vizuri kuliko wote ni wifi yangu Peris, dada ya mume wangu, yeye ndiye alinipa raba zake nikaanza kukimbia naye asubuhi, na ndiye alinifundisha kupumua nikipanda mlima, kwa hivyo nilipoona miguu yangu ina kasi kuliko yake niliogopa, nikawa kila mashindano tukikaribia mwisho napunguza, yeye anamaliza mbele, mimi nyuma yake, na jioni nyumbani wote wana furaha.

Usidhani nilikuwa na ubaya. Hapa tuna kikundi cha kulimiana, wanawake tunapalilia shamba la kila mmoja kwa zamu, kila mtu na mstari wake wa mahindi, na siku yangu ya kwanza nilimaliza kabla ya wote nikaenda kukaa kivulini, mama mkwe akaja akaniambia polepole, "Hapa hatuachani, mwanangu," halafu akanionyesha kwamba ukimaliza unazunguka upande wa pili, unamlimia aliyebaki mpaka mkutane. Niliona aibu sana, na tangu hapo nalima nikiangalia jembe la jirani nisije nikatangulia. Hata kazini kwa cherehani ni hivyo hivyo, fundi mkuu alitaka nisimamie meza ya kukata vitambaa nikasema sijui, na najua.

Sasa mwezi uliopita tulikimbia Voi, na mume wangu Ronald akatuchukua video kwa simu, na tukiitazama nyumbani Peris akaona vile niligeuka kumtafuta, nikapunguza, nikamngoja apite. Akaniuliza, "Wifi, ni mara ngapi?" Nikainuka nikaenda jikoni. Tangu siku hiyo ni salamu tu, na asubuhi anakimbia peke yake.

Mwisho wa mwezi huu kuna mbio tena na atakayeshinda ataingia timu ya kaunti, nafasi ambayo Peris ameingoja tangu kabla sijaolewa. Nikikimbia kwa nguvu zote nitamnyang'anya, nikipunguza atajua, nikikaa nyumbani atasema ni yale yale. Na kuna kitu kingine naona haya kukisema. Nataka kujua ninaweza kukimbia kiasi gani. Sijawahi kujua.

Nthenya, Mbololo

Marahaba, Nthenya mwanangu. Mficha uchi hazai, umefanya vyema kusema. Moyo wako ni mzuri, nimeuona. Sasa kaa nikwambie lililonikera.

Unadhani umempa Peris ushindi. Ulichomvika ni kilemba cha ukoka. Mwanamke ameamka alfajiri miaka yote hiyo, na leo hajui ni lini alishinda na ni lini aliachiwa. Ndiyo maana akakuuliza ni mara ngapi. Hakutaka ugomvi, alitaka kujua vilivyo vyake. Ningekuwa mimi, hata hiyo salamu ungeisikia kwa majirani. Na huko kwenye cherehani vilevile, unajua kukata unasema hujui, kisha unauita uwongo heshima.

Mimi ni mtu wa mjini, jembe nalijua kwa kulitazama, lakini pale kwenye mahindi nimepasoma mara mbili. Mama mkwe wako hakukukataza kumaliza mapema. Alikukataza kwenda kukaa kivulini. Anayezunguka kumlimia mwenzake si ndiye aliyemaliza kwanza? Mkipunguza nyote, huyo aliyebaki atasaidiwa na nani?

Basi fanya hivi. Leo hii nenda kwa Peris, bila Ronald wala mama mkwe, umjibu swali lake. Mwambie ni mara ngapi, na zile za mwanzo alizokushinda kweli zitaje pia, maana hizo ni mali yake. Usilie sana, usije ukamfanya yeye ndiye wa kukubembeleza. Kisha mwombe mkimbie pamoja asubuhi kama zamani. Fundi mkuu naye mwambie mkasi unaujua.

Na wewe Peris, kwa kuwa wifi yako ameandika jina lako waziwazi na gazeti hili Mbololo linafika, hasira yako ni ya haki. Lakini huyu mwenzako alikosea kwa kukupenda, basi mfungulie mlango akija.

Siku ya mbio, Nthenya, usigeuke nyuma hata kidogo. Kimbia mpaka ulijue hilo unalotaka kulijua. Ukishavuka mstari, usitafute kivuli, simama hapo umpokee wifi yako kwa mikono miwili. Na ikiwa yeye ndiye aliyefika mbele, mwache akupokee. Safari hii atajua ameshinda.