Boksi la Kwenda Busi

Ihumwa, Dodoma
2 Oktoba 2024

Dada Munira,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri, wewe na Mama na mpwa wangu Asma. Mimi sijambo, ila joto. Hapa kwenye ghala la dawa mabati yanalia mchana kutwa, na nikirudi Miyuji chumba nacho kinanisubiri na joto lake.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Simu zetu zinabaki getini, na wewe ukiwa zamu ya uuguzi kituoni hupokei. Tena boksi linakuja huko huko kwako, kwa nini barua isipate lifti ya bure?

Humu mna insulini ya Asma, dawa yake ya kisukari, ya miezi miwili. Mgonjwa wa insulini hapo kituoni kwenu ni yeye peke yake, kwa hiyo boksi hili naliona kama la nyumbani. Nimelifunga kwa mikono yangu, povu lake gumu ni zima, halina ufa wala kona iliyomeguka, na juu nimeandika BUSI kwa kalamu nyekundu. Bi Evodia, msimamizi wetu, ana kelele zake za kila siku kuhusu namna ya kufunga, lakini la Asma nimelifunga ninavyojua mimi. Mwambie mjomba wake hafanyi mchezo.

Boksi tupu lirudishe, yanahesabiwa. Mama asije akalifanyia jambo.

Mdogo wako,
Bashiri

Busi, Kondoa
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Bashiri,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua lakini shambani anakwenda, ukimkataza anakuuliza kama wewe ndiye utakayelima.

Boksi limefika jana, kutoka stendi ya Kondoa hadi hapa kwa bodaboda. Bwana, barua yako! Nimeikuta imeng'ang'ania pakiti ya barafu, ngumu kama chapati ya juzi. Nimeianika juani juu ya ulezi wa Mama ndipo ikakubali kufunguka. Mama amecheka mpaka akakaa chini, anasema mwanawe siku hizi anaandika kutoka Ulaya. Dawa nimeiingiza kwenye friji ya kituo.

Mama kweli amelitamani boksi. Anataka kuwekea vifaranga. Nimemnyang'anya, ndilo hili linarudi.

Asma anakusalimu sana. Amekuwa wa tatu darasani. Anasema ukija uje na ile peni ya rangi nne.

Dada yako,
Munira

Hospitali, Kondoa mjini
19 Oktoba 2024

Bashiri,

Salamu sina.

Asma yuko hapa siku ya nne. Siku tatu hakunijua. Alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbizwa, na mdomo wake unanuka tunda lililooza. Sukari ilipanda mpaka mashine ikakataa kusoma. Leo asubuhi amefumbua macho akaomba maji, ndiyo maana naweza kushika kalamu.

Nilimchoma sindano asubuhi na jioni, sikuruka hata moja, kwa dawa iliyotoka kwenye boksi lenu. Dawa ya hapa wamempa na sukari imeshuka saa hiyo hiyo. Kwa hiyo dawa yenu ilikuwa maji! Mnatuletea maji huku milimani kwa sababu mnajua nani atasema!

Nimesema. Nimeandika malalamiko, mganga mfawidhi wetu ameyapeleka kwenye ghala lenu juzi kwa simu na kwa maandishi. Nimetaka msimamizi wa ufungaji aondolewe. Mtu anayelaza dawa ya mtoto juani anywe chai hafai kukaa hapo hata siku moja.

Na wewe usinipigie simu. Nikiisikia sauti yako nitakutukana, na Mama yuko hapa pembeni yangu. Kama una la kusema, andika.

Munira

Ihumwa
22 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo, hata kama huitaki. Namshukuru Mungu Asma ameamka. Nimelia chooni kama mtoto, wenzangu wakadhani nimefiwa.

Sasa nisikilize na mimi, maana nimekasirika vilevile. Maji? Unaniambia mimi, mjomba mtu, nimemtumia Asma maji? Jana Bi Evodia amesimamishwa kazi kwa malalamiko yako. Ametoka getini na kikombe chake na ndala zake kwenye mfuko wa plastiki, mwanamke wa miaka kumi na mmoja kazini, na wala hakuligusa boksi lako! Nilikuambia nimelifunga mimi.

Na nimelifunga kuliko yote yaliyotoka siku ile. Utaratibu wake Bi Evodia ni pakiti nne za barafu, tena uzitoe kwenye friza uziweke mezani mpaka zitoke jasho, uzitikise moja moja sikioni usikie maji yanacheza ndani, ndipo uzifunge. Nusu saa nzima mtu anatikisa barafu kama manyanga. Mimi nikasema hayo ni ya watu wa karibu. Busi ni mbali na jua lile nalijua. Nikasubiri aende kusali kwao, kanisani wana maombi Jumatano mchana, nikaweka pakiti sita zilizotoka kwenye friza saa ile ile, kavu, ngumu kama jiwe. Hazikuenea, nikaitoa ile kadibodi inayotenga barafu na chupa, pakiti zikazikumbatia chupa moja kwa moja. Hakuna boksi lililowahi kutoka Ihumwa na ubaridi kama ule. Hata ungelizungusha mpaka Singida lingefika na barafu yake.

Kwa hiyo usiniambie habari ya jua. Kalitazame friji lenu la kituo, au mwulize bodaboda wako alikaa kijiwe gani. Mkosaji yuko huko kwenu. Na Bi Evodia umemwonea.

Mdogo wako,
Bashiri

Hospitali, Kondoa mjini
25 Oktoba 2024

Bashiri,

Nimeisoma barua yako mara tatu nimesimama. Kisha nikatoa mkobani ile ya kwanza, niliyoianika. Bado imejikunja, wino umetapakaa pale ilipoyeyuka.

Barua iliganda, Bashiri. Ilikuwa kwenye boksi moja na dawa. Insulini ikiganda imekufa. Hata ukiiyeyusha mwaka mzima hairudi, na kwa macho huwezi kuitofautisha na nzima. Ile kadibodi uliyoitoa ndiyo iliyowekwa ili dawa isigande. Lile jasho la barafu ulilolicheka ndilo linalosema sasa haiwezi kugandisha kitu. Mama wa watu kakusomesha kila siku, wewe ukasubiri aende kusali ndipo uonyeshe mapenzi yako! Nani alikuomba mapenzi? Nilikuomba dawa.

Nina hasira, na usidhani zote ni zako. Mimi ni muuguzi. Haya nimeyasoma na mtihani nikafaulu. Nilishika karatasi iliyoganda kwa mkono huu, nikacheka, nikaianika juani, kisha nikageuka nikaichukua dawa iliyolala nayo nikaiweka kwenye friji.

Kuna jingine sikukuandikia. Sukari ilipoanza kupanda, nilisema Asma anakula miwa kwa siri. Akaapa kwa Mungu hajala. Nikamwambia mwongo. Nilimchapa, Bashiri. Fimbo saba. Alikuwa ameshaanza kutapika na mimi nikasema anajitapisha kwa woga. Nilimchapa mtoto anayekufa kwa sababu niliiamini chupa kuliko yeye.

Nenda kwa wakubwa wako useme ulichofanya. Mpaka Ijumaa ijayo. Usipokwenda nitapanda basi nije na barua yako ya kujisifu niwasomee mwenyewe. Mimi kwa mganga mfawidhi nimeshasema la kwangu.

Munira

Ihumwa, Dodoma
4 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini mmesharudi nyumbani na Asma anakula.

Nilikwenda Jumatatu ile ile niliyopata barua yako, sikungoja Ijumaa. Nikasema yote mbele ya meneja, na pakiti sita, na kadibodi, na maombi ya Jumatano. Hakunifokea. Alinipa karatasi nikaandika, kisha akanipa nyingine nikasaini. Kazi sina tena. Sikuandikii unihurumie, naandika ujue.

Bi Evodia amerudishwa. Leo nilimngoja nje ya geti kumwomba radhi. Nikamwambia nimekosa. Hakusema ni sawa. Aliingia ndani akatoka na pakiti ya barafu, akaibandika sikioni pangu, akaitikisa. Akasema, "Unasikia?" Nikasema nasikia maji. Akasema, "Hicho ndicho nilichokuwa nakuambia miaka miwili." Nilitamani anizabe kibao.

Nikamwuliza boksi la Busi la kufidia lile linatoka lini. Kumbe leo, na anafunga mwenyewe. Barua hii naiandikia hapa getini kwa mlinzi, na amekubali kuilaza katikati ya chupa, ndani ya kadibodi. Ameniagiza hivi: "Mwambie dada yako aishike kabla ya kuisoma."

Nisamehe, dada. Ubaridi nilidhani ukizidi ndio uzuri.

Mdogo wako,
Bashiri

Busi, Kondoa
7 Novemba 2024

Bashiri,

Marahaba. Tumerudi tangu Jumapili, na dawa kidogo ya hospitali. Mama hajambo. Asma anakula, anachagua hata chakula.

Boksi limefika leo saa nne. Nimemwita mwenzangu Priska asimame awe shahidi, nikaitoa barua yako kabla ya kugusa kitu kingine. Ilikuwa laini, ina ubaridi wa maji ya mtungi. Nimeikunja mara nne haikukatika. Ndipo nikazishika chupa. Mfikishie Bi Evodia shukrani zangu, na umwambie barua ya kumwomba radhi naiandika kwa mkono wangu, inakuja na boksi hili likirudi. Nilimhukumu mtu nisiyemjua.

Wewe sijakusamehe. Nasema hivyo ili usije ukasikia salamu ukadhani yamekwisha. Hasira bado ninayo, naamka nayo, na nusu yake sina pa kuipeleka kwa sababu ni yangu.

Jana nilimweka Asma kitako nikamwambia ukweli. Nikamwambia dawa ilikuwa mbovu, mjomba wako ndiye aliyeigandisha na mimi ndiye niliyekuchoma nayo, na miwa hukula. Nilitegemea alie, au anichukie. Alinitazama tu, akasema, "Nilikuambia, mama." Akainua gauni akanipa paja nimchome sindano ya jioni.

Kazi huna, nafasi unayo. Njoo Busi. Sitaki ulete kitu, hata ile peni usilete. Uje ukae pale nilipokaa mimi, umwambie la kwako kwa mdomo wako, na yeye akujibu.

Dada yako,
Munira