Sindano Haisomi Lebo

Liège, 9 Februari 2024

Yaya Huguette, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi ya Ulaya inayoingia mpaka kwenye meno. Mimi mzima, kazi ipo. Ninyi je, huko Ruashi? Baba amelalaje wiki hii? Na mwanao Syntiche, shule inakwenda? Msalimie kila mmoja kwa jina lake, usiseme tu "Guelord anawasalimu".

Nina neno. Unaujua ugonjwa wangu wa santuri. Hapa wako watu, wengi wao wazungu wenye mvi, wanaotafuta soul iliyopigwa Afrika miaka ya sabini kama vijana wa Ruashi wanavyotafuta kobalti. Muziki ule ulitoka Amerika, ukafika kwetu kwa redio ya Zambia, vijana wa Katanga wakaukamata na kuuimba kwa Kiingereza cha kubuni na Kiswahili cha nyumbani. Vikundi vingi vilitoa santuri moja tu, vikafa. Kikundi cha Baba, Les Étincelles, ni kimojawapo. Nimeuliza kila mahali, hakuna anayejua nakala nyingine ya santuri yao ya mwaka 1974. Ile iliyomo kabatini mwa Baba huenda ndiyo ya mwisho.

Fikiri, Yaya. Tangu upasuaji wa koo, Baba hana sauti. Sauti yake imebaki mle, na gramafoni yetu ilikufa tukiwa bado wadogo. Nitumie hiyo santuri. Nina mashine nzuri na sindano nzuri. Nitauhamishia wimbo kwenye simu, Baba ajisikie mwenyewe, kisha nitairudisha. Rafiki yangu Mardochée yuko huko mpaka mwisho wa mwezi, mpe mkononi. Ifunge kwa kitambaa safi katikati ya karatasi ngumu. Lile ganda lake la karatasi la zamani liache, limeliwa na mende. Na yale maandishi ya kalamu kwenye lebo, yafute polepole kwa pamba na spiriti, ili ninakili vizuri.

Mdogo wako,
Guelord


Ruashi, 18 Februari 2024

Mdogo wangu Guelord,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya Baba, umeme ukiwa umekatika kama desturi yake. Sisi tuko, tunapumua. Baba anakula uji. Dawa ya asubuhi anaikataa, ya jioni anaikubali, ili nisisahau nani mwenye nyumba. Darasani kwangu watoto wamejaa mpaka dirishani. Syntiche amemwazima babu yake, kambo kama anavyomwita, kibao cha shule, maana ndicho anachosemea siku hizi. Baba anaandika kwa chaki, mtoto anafuta.

Uliposema redio, Baba alicheka, mabega tu yakitikisika. Akaandika kwamba redio ilileta hamu, muziki wenyewe ulikuja kwa treni. Wenzake wa reli walizibeba santuri kutoka Ndola, Zambia, kupitia mpaka wa Sakania, zimelazwa chini ya mifuko ya unga ili watu wa forodha wasizione. Jumamosi vijana walikwenda kucheza kwenye ua wa mwenzao, kila mtu na santuri zake kwapani, na kila mmoja aliandika jina lake kwenye lebo. Mwizi wa santuri hakuwa mgeni, alikuwa rafiki. Baba peke yake hakuandika jina lake. Aliandika "Ya Numbi".

Unaikumbuka hadithi. Babu mzaa Mama hakutaka mwanamuziki akanyage uani kwake. Basi Baba, siku ya kurekodi, kabla gitaa halijaanza, alimwita Mama humo humo: "Numbi, sikiya. Hii iko yako." Ndugu wa Mama akaipiga nyumbani kwao, na mzee akasikia bintiye anaitwa sebuleni kwake na mtu asiyekuwepo. Mama alikuwa akitusimulia mpaka anatokwa na machozi ya kicheko, Mungu amrehemu.

Kuhusu kufuta maandishi nilisita. Nikampelekea Baba, akaiangalia lebo muda mrefu, kisha akaandika: "Futa. Nataka kusikia." Nimefuta. Wino ule wa zamani ulitoka kwa shida, pamba ikageuka buluu. Ganda amekataa nilitupe, ameliweka chini ya mto wake. Santuri nimempa Mardochée. Ahadi ni deni, na mdai wako safari hii hasemi, anaandika.

Yaya yako,
Huguette


Liège, 5 Machi 2024

Yaya,

Habari za nyumbani? Mzigo umefika salama, haukupata hata mkwaruzo. Nimeisikiliza mara moja tu kwa kuogopa kuichosha. Mwambie Baba yeye ni mwimbaji wa kweli, nilikaa sakafuni kama mtoto. Wiki hii nitanakili na kutuma.

Mdogo wako,
Guelord


Ruashi, 14 Mei 2024

Guelord,

Natumaini u mzima, maana hata hilo hatujui. Wiki yako ni ndefu. Pasaka imepita, mvua zimekatika, na kila asubuhi Baba ananyoosha kidole kwenye simu yangu. Namwambia bado. Sasa hasimami tena bila mtu kumshika. Nimechoka kukutafutia udhuru, mdogo wangu. Nimemwambia una kazi nyingi, nikamwambia mashine imeharibika, nikamwambia kuna mgomo. Kesho nitamwambia nini?

Yaya yako,
Huguette


Liège, 22 Mei 2024

Yaya,

Samahani sana, na pole kwa kumhudumia Baba. Wimbo nimeutuma kwenye simu yako leo. Wataalamu wamenisaidia kuusafisha, mikwaruzo na kelele zote zimetoka, utadhani umerekodiwa jana. Santuri yenyewe nitaileta nikipata mtu wa kuaminika. Mwekee Baba kwa sauti kubwa.

Mdogo wako,
Guelord


Ruashi, 2 Juni 2024

Guelord,

Salamu. Sisi tuko kama tulivyo.

Jumapili iliyopita baada ya misa nilimvalisha Baba koti lake la harusi. Nikaazima spika kwa jirani. Syntiche nikamkalisha karibu yake, maana mtoto huyu hajawahi kuisikia sauti ya kambo yake, alizaliwa koo limeshaanza kuharibika. Nikabonyeza.

Baba alifungua mdomo ili aseme pamoja na sauti yake, na gitaa likamkuta mdomo wazi. Akainua mkono nianze tena. Nikaanza tena. Gitaa. Akasogeza sikio mpaka kwenye spika. Gitaa tena. Wimbo ulikuwa mzuri, Guelord, na sauti ilikuwa yake, lakini hakuuacha ufike mbali, kila mara aliinua mkono turudi mwanzo. Mwishowe aliomba kibao, akaandika:

"Sikumuita?"

Nikamwambia alimwita, Mama alitusimulia sisi wote. Akafuta mwenyewe kwa kiganja na kugeukia ukuta. Tangu siku hiyo akiona simu anafumba macho. Anadhani kichwa chake kimemdanganya miaka yote hii, kwamba alitamani kumwita, hakumwita. Mama hayupo wa kumshuhudia. Shahidi aliyebaki ni ile santuri, na unayo wewe.

Irudishe. Sindano nitaitafuta mwenyewe, hata kama ni kuvuka mpaka hadi Ndola. Usimwache baba yetu afe akijiona mwongo.

Yaya yako,
Huguette


Ruashi, 7 Julai 2024

Guelord,

Hukujibu, basi sikuulizi hali.

Jana Chancelvie, yule binti wa shangazi aliyeolewa Likasi, alinipigia simu akishangilia. Ameusikia wimbo wa Baba kwenye mtandao, umo kwenye mkusanyo mpya wa soul ya Katanga, una picha ya lebo. Nikaangalia. Lebo safi, inang'aa. Chini yake wameandika kwamba santuri ni ya mkusanyaji mmoja wa Rotterdam, na mwimbaji hajulikani.

Hajulikani. Yuko chumba cha pili, anakohoa.

Nilikaa na simu mkononi nikaikumbuka ile pamba ya buluu. Sindano haisomi lebo, Guelord. Inapita kwenye mifereji, lebo iko katikati, haigusi. Mimi ni mwalimu na sikulifikiri hilo hata kidogo, kwa sababu aliyeniambia nifute alikuwa mdogo wangu niliyemfundisha kuandika. Lebo yenye maandishi hawaipendi huko, sivyo? Uliijua njia yake kabla hujaiomba. Na jina la Baba hukuwapa, maana ungewapa wangemtafuta mwenye sauti, naye angewaomba santuri yake.

Nataka neno moja tu: itarudi au haitarudi?

Huguette, yaya yako bado


Liège, 15 Julai 2024

Yaya,

Sijui nianze kukusalimu vipi.

Sikuiuza. Naapa kwa kaburi la Mama, sikupokea hata franka. Nilibadilishana. Yule mtu wa Rotterdam alikuwa na santuri ya Chicago niliyoitafuta tangu nije huku, nakala zake hazifiki tano, na hakuwa tayari kuitoa kwa kitu kingine. Tulikubaliana kwamba atanakili wimbo wa Baba kwa mitambo yake mikubwa, bora kuliko yangu. Nikajiambia Baba anachohitaji ni sauti, santuri ni plastiki tu. Yale maneno ya mwanzo niliyasikia, lakini watu wake waliniambia ni mazungumzo ya studio, nami nikasema wakate. Nilidhani Baba atapenda wimbo safi.

Ninyi hamjui hapa tunavyoishi, Yaya. Kazini mimi ni mikono tu. Kwa wale wakusanyaji mimi ni mtu, wananiita kwa jina, wananiuliza maoni. Ile santuri ilinifungulia mlango. Nitamwomba airudishe. Nipe muda.

Mdogo wako,
Guelord


Liège, 11 Agosti 2024

Yaya yangu,

Hujajibu, na simu yako hailii. Natumaini Baba anapata usingizi.

Nimekwenda Rotterdam. Nilimpelekea ile ya Chicago, akakataa. Nikamwambia ni sauti ya baba yangu, akasema hiyo inaifanya iwe na historia nzuri zaidi, akaniomba jina la Baba aliandike. Nimempa. Lakini aliniruhusu kuirekodi tangu sindano inapogusa. Yote imo, Yaya, pumzi ya Baba, jina la Mama, kisha gitaa. Nimeituma kwenye simu, haifiki kwako. Basi nimeiweka kwenye flashi, Mardochée anatua uwanja wa ndege wa Luano Jumamosi tarehe 24. Mwambie Baba alimwita. Mwambie hata kabla flashi haijafika, amini neno langu.

Mdogo wako,
Guelord


Ruashi, 25 Agosti 2024

Guelord,

Mardochée amefika. Alikuta turubai limefungwa uani na wanawake wamekaa chini. Baba alikuwa amezikwa Alhamisi. Simu yangu haikulia kwa sababu niliiuza nikalipie hospitali, na barua yako niliipokea pamoja na flashi, kwa mkono mmoja. Kwa hiyo sikumwambia. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe mara nyingi kwamba alimwita, lakini kwa neno langu tu, na siku za mwisho alikuwa ananipiga kiganja polepole, kama unavyomtuliza mtoto anayekupa sifa usizostahili.

Shangazi walitaka tuisikilize. Nikaiweka kwenye spika ile ile ya jirani. Ikapita mikwaruzo, ikapita pumzi yake, kisha: "Numbi, sikiya. Hii iko yako." Shangazi Ntumba alianguka. Wazee wa reli walivua kofia. Na Syntiche, ambaye amemfutia kibao kila siku, alinivuta kitenge na kuniuliza mbele ya watu wote:

"Ule mwenye anaita Kambo Numbi, iko nani?"

Hilo ndilo jibu la barua zako zote. Mimi sina lingine.

Tumegawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi, na mtoto hakosi fungu hata akiwa mbali. Koti amepata Shangazi. Kibao kimebaki kwa Syntiche. Fungu lako nimempa Mardochée, ni lile ganda la santuri lililokuwa chini ya mto. Wiki ya mwisho Baba aliomba penseli ya mtoto akaandika juu yake upya, "Ya Numbi".

Spiriti unayo huko.

Huguette