Mafua ya Mheshimiwa na Fomu Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Nimerudi Washington jana. Siku tano Vienna, miguu imevimba. Kila kitu kimelipwa na Baraza la Wafuga Kuku — wana mswada wao bungeni, ndiyo maana mioyo yao laini. Mheshimiwa Kessler, mbunge wetu: chumba cha dola 640 kwa usiku. Mimi, mpanga ratiba wake: 189, dirisha linatazama mapipa ya taka. Semina ya lishe ya kuku: saa mbili na dakika kumi. Kula na kunywa: saa kumi na tisa, nimejumlisha. Kuku sikumwona. Ndama wa kukaanga tu!

Sasa fomu ya kutangaza safari iliyolipwa na watu wa nje. Kila aliyesafiri ajaze yake ndani ya siku kumi na tano, iwekwe kwenye tovuti, taifa zima lisome. Mwisho tarehe 18.

Alhamisi, 7 Machi
Posta imeleta kadi. Zimamoto wa kujitolea wa Harlan Creek, jimboni kwetu Ohio. Kila Ijumaa ya Kwaresima wanakaanga samaki ukumbini kwao, na mwanasiasa asiyekwenda kula anakumbukwa. Ijumaa iliyopita Mheshimiwa aliwapigia: samahani jamani, mafua yamenilaza. "Pona haraka, mzee wetu!" Sahihi arobaini na tatu.

Ijumaa hiyo, tarehe 1, alikuwa juu ya gari la farasi, Vienna, anaimba.

Nimemwekea kadi mezani. Hakucheka.

Jumatano, 13 Machi
Fomu yangu tayari: kuondoka 28 Februari, kurudi 3 Machi. Kwa kuwa mimi mfanyakazi, inataka na sahihi ya Mheshimiwa, kwamba aliniruhusu. Corbin, mkuu wa ofisi, kanirudishia bila sahihi.

"Loretta, dada yangu, andika mliondoka Jumamosi, baada ya ile Ijumaa ya samaki."

Tiketi inasema Jumatano, nikamwambia.

"Nani atauliza tiketi? Fomu zenu zifanane tu. Jumanne ni kura za mchujo za chama. Unataka tuuawe na samaki?"

Jumamosi kwenda, Jumapili kurudi. Vienna! Hata njiwa angeomba likizo.

Ila namwelewa. Mchujo uliopita tulipita kwa kura 312. Ukumbi ule unalisha watu mia nne kwa Ijumaa moja.

Ijumaa, 15 Machi
Mheshimiwa kaniita mwenyewe. Mlango ukafungwa.

"Nilikutoa kaunta ya duka la vipuri, Loretta. Umesahau?"

Alinitoa! Nilijisomesha miaka sita kwa mshahara wa kaunta ile. Alinikuta na shahada mkononi, akaniajiri kwa bei ya chee.

Nikamwonyesha mstari wa mwisho: nathibitisha haya ni kweli. Ukidanganya hapo ni kesi ya jinai, Mheshimiwa. Na jina hapo ni langu.

"Basi sisaini. Ikichelewa, umechelewa wewe. Na Jumatano usihangaike kuja kazini."

Nimelia chooni dakika nne, nikarudi kupanga ratiba yake.

Jumatatu, 18 Machi
Saa kumi na dakika arobaini, jioni. Niko kwenye benchi, ofisi ya kumbukumbu za Bunge. Wanafunga saa kumi na moja. Bi Odette wa dirishani kaigeuza fomu yangu mara mbili.

"Sahihi ya bosi iko wapi, mama?"

Kakataa.

"Kakataa! Naweza kuipokea hivihivi. Ila pengo litaonekana kwenye tovuti, na waandishi wa habari wanapenda mapengo kuliko mishahara yao."

Nikamwambia anipe dakika mbili. Nikamtumia Corbin ujumbe wa alivyosema Bi Odette, neno kwa neno.

Kumi na dakika arobaini na tisa. Mheshimiwa kaja mwenyewe! Anahema, tai begani. Kakaa kando yangu na fomu yake — kote kumejazwa isipokuwa tarehe ya kuondoka. Kalamu anayo. Anachungulia yangu kama mtahiniwa ambaye hakusoma.

"Uliandika kwa wino?" ananong'ona.

Kwa wino, Mheshimiwa.

Zimebaki dakika sita. Bi Odette anagonga kioo: "Haya, nani wa kwanza?"

Nimeinuka nusu. Kanishika mkono wa koti, kaandika 28 Februari kwenye yake, kisha kavuta yangu na kusaini.